Mnara Ulioinamia Chumba cha Mzee Barasa

Vijana wa yadi, siku ile mliponiaga kwa keki na soda mliniuliza kama nitawaandikia kitu kuhusu kazi, nikakubali kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki na kukataa kungehitaji maneno mengi. Sasa niko nyumbani Ngoingwa, kwenye kiti ambacho mke wangu, Mama Shiro, anasema nimekizoea kuliko nilivyomzoea yeye, na kisingizio kimeisha. Habari za vyeo sitaandika. Aliyetaka cheo alikipata, na aliyekosa alipata mgongo wa kuuma. Nitaandika kuhusu mizigo.

Kwanza mcheke kidogo. Nimefanya kazi ya kuhamisha mitambo tangu ujana wangu, na hakuna mtu Thika nzima anayechukia kuhama kama mimi. Mashine za kufuma, boila, jenereta za hospitali, tanuri za mikate, vyote nimevitoa vilipokuwa vimekaa vizuri nikavipeleka kwingine. Lakini kazi ikitajwa ya Mombasa au Eldoret, nilianza kutafuta wa kwenda badala yangu tangu jioni. Mliniita Kisiki mkidhani sijui. Nilijua, na jina lilinifaa. Niliingia kazi hii kwa sababu yadi ilikuwa karibu na mtaa wa Landless tulikoishi, na ningeweza kurudi nyumbani mchana nikala githeri ya moto, mahindi na maharagwe yake. Kama hapo jirani wangekuwa wanatafuta mtu wa kunyoa mbuzi, leo mngekuwa mnasoma habari za mbuzi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama ya fizikia ambayo mwalimu alinishauri niitaje kwa sauti ya chini. Nyenzo na kapi, yale magurudumu ya kamba, nilikuwa nimezichora kwenye daftari kwa rula, safi kabisa, na mishale yake. Kuinua kitu kwa kutumia hata kimoja cha vifaa hivyo sikuwa nimewahi.

Mkuu wa gengi letu alikuwa Barasa. Wakati huo hakuwa mzee, ingawa sisi tulimwona mzee. Alikuja Thika kutoka Bungoma akitafuta kazi ya kiwanda, akapata, na tangu hapo akawa anarudi kwao kwa mazishi tu. Mfupi, mikono mikubwa kama majembe, na anaongea kuanzia chai ya asubuhi mpaka geti la jioni. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi mtaimbo ulionizidi urefu na kunionyesha mashine ya kukereza vyuma, ya zamani, nzito kama dhambi ya urithi.

"Inua huo upande kidogo niingize bomba," akasema.

Nikaweka jiwe la kuegemeza mtaimbo karibu na miguu yangu, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Nikaingiza ncha ya mtaimbo chini ya mashine, nikasukuma. Hakuna kitu. Nikaning'inia na uzito wangu wote mpaka viatu vikaacha sakafu. Mashine haikujua kama nimeajiriwa.

Barasa akazunguka mpaka upande wangu. "Njoroge, unainua mashine ama umeanikwa?"

Gengi lote likacheka. Yeye akalisukuma lile jiwe kwa kiatu mpaka likakaribia kugusa mashine, mtaimbo wote uliobaki ukawa upande wangu. "Sasa sukuma na mkono mmoja. Huo mwingine shika suruali, inaanguka."

Mashine ikainuka. Sikuamini, nikaishusha na kuiinua tena, mpaka Barasa akaniuliza kama nataka tuiache hapo niwe naichezea. Baadaye, nikiwa nakula githeri nyumbani, ndipo nilipoelewa ule mshale wa daftari. Mkono wangu ulikuwa umeshuka kutoka kifuani mpaka magotini, na mashine ilikuwa imepanda unene wa kidole. Nguvu unayoiokoa kwenye mtaimbo unailipa kwa safari ya mkono. Huwa mnaniuliza wakati wa chai kwa nini chuma kirefu kinamfanya mtu mwembamba kuwa na nguvu. Hakimfanyi kuwa na nguvu. Kinamfanya atembee sana ili mzigo utembee kidogo. Kwa mtu asiyependa safari, hiyo haikuwa habari njema.

Wiki hiyohiyo Barasa alinipeleka sokoni Thika, nikafikiri tunaenda kununua ndizi. Alitaka nitazame mikokoteni ikipakiwa kabeji. Mmoja ulipakiwa nyuma sana, mikono yake ikapanda juu na mwenyewe akabaki anapiga mateke hewani. Mwingine ulipakiwa mbele sana, na jamaa akawa haburuti tena, anabeba. Mwenye wa tatu alipanga kabeji zake juu ya ekseli ya magurudumu, akasukuma mbele kidogo, akarudisha mbili nyuma, akashika mikono ya mkokoteni na vidole tu kama anashika kikombe.

"Huyo amejua kitovu kiko wapi," Barasa akasema. "Kila mzigo uko na kitovu. Ukikipata, mengine ni jasho."

Hapo ndipo ulipotoka mchezo wa chaki ambao nyinyi mliukuta yadi mkadhani ni wazimu wa wazee. Kabla ya kufunga slingi yoyote ya kuinulia, kila mmoja anachora alama pale anapodhani kitovu cha mzigo kiko. Halafu mzigo unainuliwa kimo cha kidole na kuachwa. Ukilala upande, tunaona nani alikosea. Aliyekosea zaidi anabeba cheni siku hiyo, na cheni haina rafiki. Mimi niliibeba mwaka wa kwanza karibu wote. Mutua alipojiunga nasi kutoka Kitui, mrefu, mwenye maneno, alichora alama yake ya kwanza kwenye jenereta kwa kujiamini sana, kumbe upande ule ulikuwa kava tupu, bati tu, na uzito wote uko kwa injini. Mutua, usikatae, kulikuwa na watu. Wewe ndiye mkuu wa yadi sasa na utawasomea hii, ndiyo maana nimeiandika vizuri.

Sheria nyingine ya Barasa ilikuwa sauti moja. Mzigo ukishaacha chini, anayeongea ni mtu mmoja, aliyechaguliwa kabla. Wengine hata kikohozi wanameza. Mtu akiona hatari anainua mkono na mwenye sauti ndiye anasema. Barasa aliyeongea mchana kutwa, akimpa mtu mwingine sauti alinyamaza kama ukuta. Nimeona makampuni mengine watu watano wanapiga kelele "lete, rudisha, simama" kwa wakati mmoja, na mzigo hauna masikio ya kuchagua.

Kuhusu vifaa nitasema machache kwa sababu mnavyo. Jeki ichungwe mafuta. Cheni bloki ya kuinulia isiachwe kwa mvua. Mataruma ya reli, yale ya mbao ngumu, yasikatwe kupikia chai hata kama Mutua ameruhusu. Kabari zikatwe na msumeno mkali, kwa mtelemko wa polepole, maana kabari nene inaruka na kabari nyembamba inaingia ikibembeleza. Na kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni timazi, kamba na kipande cha chuma mwishoni. Hakina betri, na hakimpendelei mtu. Wima ni wima.

Barasa alipostaafu alipanga chumba Kiuu, kule Ruiru, karibu na kanisa lake. Mke wake alikuwa ameshafariki, na watoto wako mbali na maisha yao. Miaka michache baadaye akapata stroku, upande wa kushoto wote ukalala. Mdomo ulibaki mzima, Mungu anajua cha kuokoa kwanza. Nilikuwa namtembelea Jumamosi. Mama Shiro anasema hiyo ndiyo safari pekee niliyowahi kufanya bila kusukumwa.

Miezi michache kabla ya kustaafu, asubuhi moja nikiwa yadi, simu ikalia. Alikuwa Mama Brayo, jirani yake Barasa, anayeuza mandazi getini pao na ambaye alikuwa anampelekea uji.

"Baba Shiro, ule mnara wa maji umeinama. Umeinamia kwa mzee."

"Umeinama kiasi gani?"

"Kiasi cha mimi kuweka uji chini na kukimbia."

Mnara huo nilikuwa naufahamu. Ploti za Kiuu, zile nyua za vyumba vya kupanga, ni nyembamba, kila kipande cha ardhi kina chumba, kwa hivyo mwenye ploti alikuwa ameujenga juu ya ujia, ile njia ya kutoka getini kwenda vyumba vya nyuma. Miguu minne ya chuma, na juu yake matangi mawili meusi ya plastiki yaliyokaa bega kwa bega, moja upande wa barabara, lingine upande wa nyuma. Ukitaka kwenda vyumba vya nyuma lazima upite katikati ya miguu hiyo. Njia nyingine hakuna, maana nyuma kumezibwa na ukuta wa ghorofa ya jirani.

Tukapakia lori, mimi na Mutua na wenzetu wawili wa gengi, Kioko na Simiyu. Tulipofika, watu wazima wa vyumba vya nyuma walikuwa wameshakimbia na watoto wao. Aliyebaki ni Barasa. Chumba chake kilikuwa cha kwanza kabisa baada ya mnara, na mnara ulikuwa umeinamia bati lake. Bomba la choo lilikuwa limevuja chini kwa chini, udongo ukalainika, na miguu miwili ya upande wa nyuma ilikuwa inazama. Mwenye ploti, Gitau, alisimama barabarani anajifuta jasho na kofia.

"Mzee uko sawa?" nikaita kutoka getini.

"Mimi niko sawa," sauti ikajibu kupitia dirisha lake. "Ni huyu jirani. Tumepata stroku upande mmoja."

"Usitoke."

"Umeona niko na haraka ya kwenda wapi?"

Gitau akanishika mkono. "Si mwingie tu mumbebe? Dakika mbili mmemaliza."

Nilikuwa nimeshalifikiria hilo njia nzima. Barasa hawezi kutembea, lazima abebwe kwenye kiti, na kiti ni watu wanne, na watu wanne kwenye ujia ule wanakwenda mwendo wa harusi. Watu watano chini ya matangi mawili yaliyojaa. Lita moja ya maji ni kilo moja, hiyo hata mimi na alama yangu ninaijua, na hapo juu kulikuwa na maelfu ya lita. Kwanza mnara utulizwe, ndipo mtu apite. Kama ungeanguka kabla hatujamaliza, ungemkuta kitandani. Kama ungeanguka tukiwa tumembeba, ungetukuta sote. Nilichagua, na sitasema moyo wangu ulikuwa umetulia.

Tukafunga kamba ya winchi kwenye mnara upande wa barabara, Kioko akaikaza kwenye lori polepole, isivute, ishikilie tu. Winchi ingeweza kuuchelewesha mnara. Kuuzuia haingeweza. Nikaning'iniza timazi kwenye chuma cha juu, nikachora chaki sakafuni pale ncha ilipoonyesha. Tukaenda kushusha mataruma.

Niliporudi, ncha ilikuwa imeacha chaki. Imesogea upande wa nyuma, upana wa kidole kizima.

"Udongo unaendelea kuzama," Mutua akasema.

Inawezekana. Lakini miguu nilikuwa nimeiwekea alama pia, na alama za miguu zilikuwa hazijashuka kiasi hicho. Kitu kingine kilikuwa kinausukuma mnara, na hatukuwa tumegusa chochote. Nikasimama hapo nimekunja uso kama mtu anayesoma bili ya stima. Ndipo nikasikia sauti ya maji yakigonga tumbo la mtungi.

Getini, nyuma ya migongo yetu, kulikuwa na foleni. Gitau alikuwa amewaambia wapangaji kwamba matangi yatamwagwa. Sasa, Kiuu maji ya mfereji huja siku yanayotaka yenyewe, na ukimwambia mtu wa Kiuu maji yatamwagwa, hasimami kulia. Anakimbia kuleta mitungi. Ploti zote za jirani zilikuwa zimekuja, mitungi ya njano imejipanga mpaka kwa kinyozi, na mfereji wa getini umefunguliwa mpaka mwisho.

Na mfereji wa getini unatoka tangi la upande wa barabara. Nilifuata bomba na macho kutoka mfereji mpaka juu, kuwa na hakika. Hilo ndilo tangi lililokuwa linamshikia mwenzake. Fikirieni mizani ya dukani, upande mmoja sukari, upande mwingine jiwe. Mnara wetu ulikuwa unaanguka kwa upande wa sukari, na watu wazuri kabisa, kwa bidii na kwa foleni, walikuwa wanatoa jiwe.

"Fungeni huo mfereji," nikasema.

Hakuna aliyefunga. Mama Brayo mwenyewe ndiye aliyekuwa mbele. "Si mmesema mnamwaga? Mwagieni hapa basi. Kati ya huu mtungi na mtaro, nani anahitaji maji?"

"Mama Brayo, kila mtungi unaochota hapo unamsukumia mzee tangi kichwani."

Akaangalia mtungi, akaangalia mnara, akafunga mfereji na mikono miwili. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nirudishe?"

"Utarudisha na nini?" Mutua akamuuliza. "Na kijiko?"

Watu wakacheka, na kicheko kilisaidia, maana kijana mmoja nyuma alikuwa ameanza kunung'unika kwamba amepanga foleni bure. Wakati huo kichwa changu kilikuwa kimeshageuza jambo. Hawa watu wanataka maji. Sisi tunataka maji yatoke, ila ya tangi lile lingine. Kwa nini tuwafukuze? Tangi la nyuma lilikuwa na koki yake chini, karibu na choo, ya kusafishia. Tukiunganisha mpira wa maji kutoka koki hiyo mpaka getini, watu wachote hapo, kila mtungi utatoka upande wa sukari.

Shida ni kwamba koki iko ng'ambo ya mnara. Lazima mtu apite chini, afungue, arudi.

"Naenda mimi," Mutua akasema.

"Wewe ni mrefu sana, utaugonga na kichwa umalizie kazi. Mimi ndiye mfupi. Shika sauti."

"Enda haraka."

"Nimewahi kwenda haraka lini?"

Nikamkabidhi timazi kwa macho. Kazi yake ilikuwa kutazama ile ncha na kusema. Sauti ilikuwa yake peke yake. Nikachukua mpira na spana, nikaingia ujiani. Vyuma vilikuwa vinatoa sauti ndogo, kama meno ya mtu anayeota. Nikapita katikati ya miguu nikiwa nimekunja mabega, sijui mabega yangu yangezuia nini.

Koki ilikuwa hatua mbili kutoka dirisha la Barasa. Nilimwona kitandani, uso umegeukia kwangu, uji wa Mama Brayo mlangoni umeshapoa. Mtu huyu ambaye hajawahi kuona nati ikifungwa bila kutoa maoni, hakusema hata neno. Alikuwa amesikia Mutua akipewa sauti. Akainua mkono wa kulia kidogo, akaushusha.

Nikavisha mpira, nikaukaza, nikashika koki na spana. Imeganda. Nikasukuma tena. Spana ilikuwa fupi, na kuipiga sikuthubutu, kwa sababu bomba lile limeshikana na mnara wote.

"Umetulia," Mutua akasema kutoka getini. "Endelea."

Nilihitaji mkono mrefu wa spana, na bomba zetu zote ziko kwa lori. Nikasikia kitu kinakwaruza dirishani. Barasa alikuwa anapitisha mkongojo wake kati ya vyuma, ule wa bomba jepesi waliompa kliniki, ameshautoa mpini na raba ya chini, kwa mkono mmoja na meno. Sijui alianza lini. Nikaupokea. Ukaingia kwenye mkia wa spana kama ulitengenezewa hapo. Nikashika mwisho kabisa, nikasukuma bila kushtua, polepole, nikihesabu pumzi zangu mwenyewe. Mkongojo ukapinda kidogo. Halafu koki ikalegea, na mpira ukajikaza kama nyoka aliyeamka.

"Toka," Mutua akasema.

Nikatoka. Sikukimbia, ila Kioko anasema nilipofika getini nilikuwa nimeshapita lori.

Basi mngeiona Kiuu ikifanya kazi. Mama Brayo alichukua foleni akaifanya jeshi. "Wewe, acha kusuuza, jaza. Mtungi mmoja mmoja, msisukumane. Unachota maji ya kuokoa mzee, haraka." Watu walikuja na mitungi, na ndoo, na sufuria, mmoja akaja na beseni la kuogea mtoto. Kila walichobeba kilikuwa kinatoka upande wa nyuma. Mimi nilichuchumaa karibu na timazi. Kwa muda mrefu haikufanya kitu. Halafu ikaanza kurudi, taratibu, kama mtu aliyekasirika anayerudi nyumbani lakini hataki aonekane amerudi. Ikagusa chaki. Ikapita chaki kidogo kuja upande wetu, ikasimama.

Ndipo tukaingia na jeki. Miguu iliyozama hatukuigusa. Tulipanga mataruma pembeni yake kwenye udongo mgumu, tukaweka jeki juu ya mataruma, na jeki zikakamata chuma cha kati cha mnara. Jeki inapanda unene wa kidole, mbao inaingia chini. Inapanda tena, mbao inafuata. Msiinue kamwe bila mbao kufuata, jeki ni mgeni, mbao ni mwenyeji. Kabari za juu nilizikata mwenyewe, nimekaa kwenye kreti la soda barabarani, na wale watoto wa vyumba vya nyuma wamenizunguka wakiniuliza kwa nini mbao moja ina upande mwembamba na upande mnene. Nikawaambia ule mwembamba ndio unaobisha hodi. Simiyu akazipigilia moja moja, huku na huku kwa zamu, mpaka zikaanza kulia sauti nzito, ile ya mbao iliyobeba. Mutua akashusha jeki kidogo. Mnara haukushuka. Ulikuwa umekaa juu ya mbao zetu.

Gitau aliuliza kama sasa unaweza kurudishiwa maji. Mutua akamwambia alete kwanza fundi wa kumwaga zege jipya na wa kuziba choo, na mpaka hapo awe anaota mvua.

Tukaenda kumchukua Barasa. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki, tukamfunga na leso ya kujitanda ya Mama Brayo kifuani, mimi na Mutua mbele, Kioko na Simiyu nyuma. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Mdomo wake ulikuwa umefunguka tena. Alilalamika kuhusu uji, kuhusu mkongojo wake, kuhusu jinsi Simiyu anavyoshika kiti kama anashika kuku.

Tulipofika katikati ya miguu ya mnara akasema, "Simama."

"Mzee, tutoke kwanza," nikasema. "Utaona kutoka nje."

"Nani alipanga hizi?"

"Ni sisi."

"Kama ni nyinyi mlipanga, mnaogopa nini kusimama hapa?"

Tukasimama. Akanyoosha mkono wake wa kulia, ule mkubwa, akazigusa mbao moja baada ya nyingine mpaka akafika kwenye kabari. Akaibonyeza na kidole gumba kama anayepima ndizi. Juu yetu tangi moja lilikuwa tupu na lingine bado lina maji nusu.

"Hii nani alikata?"

"Mimi."

Akaibonyeza tena. "Imekaa," akasema.

Nimesikia hotuba mbili tatu tangu hapo, pamoja na ile yenu ya keki. Nashukuru kwa zote. Lakini hapo chini ya mnara, kwa neno lile moja, hakuna hata mmoja wetu aliyesogeza mguu. Tulisimama watu wanne na kiti na mzee, jasho linatuingia machoni, Mama Brayo anatuita kutoka getini kwamba tumerogwa ama vipi, mpaka yeye mwenyewe Barasa aliposema sasa twende, amesikia njaa.